Ngozi ya mafuta isiyokuwa ya mafuta: kisa cha brashi ya uso ya umeme, Kisumu

Kisa hiki ni cha mteja mmoja niliyemhudumia kwa miezi minane katika chumba changu kidogo cha huduma za ngozi hapa Kisumu. Ameniruhusu kukiandika. Nimeondoa jina lake, mtaa wake na mahali anapofanya kazi, na nimebadilisha mambo mawili matatu ambayo jirani angeyatambua. Nitamwita Bi. A. Kisa kinahusu kuchagua brashi ya umeme ya kuoshea uso, ila sehemu yake kubwa ni kosa langu mwenyewe, kwa hiyo wenzangu wa kazi hii naomba wakisome polepole. Mimi ni mtaalamu wa urembo. Si daktari, na hilo nalo lina nafasi yake humu.

Usuli

Bi. A anakaribia miaka 30 na anafanya kazi jikoni, kwenye mkahawa wa samaki. Kuanzia saa nne asubuhi mpaka jioni yuko mbele ya karai la mafuta, ngege mmoja anatoka, mwingine anaingia. Nywele amesuka. Kila asubuhi hupaka mafuta ya nywele kwenye mistari na jeli pale mbele ili visongo vikae, kisha hufunga kitambaa cha kichwa kikashuka hadi katikati ya paji. Akifika nyumbani hupangusa uso kwa tishu, na tishu inalowa.

Hapo ndipo alipojitambua kuwa ana ngozi ya mafuta. Siku ya kwanza aliniambia hivyo kabla hata hajaketi: "Anti, mimi ni ngozi ya mafuta, ile mbaya kabisa."

Kwa miaka alikuwa na vipele vidogo vya rangi ya ngozi kwenye paji, vingi, vilivyojipanga chini ya mstari wa nywele, na vidoa vyeusi puani. Dawa yake ilikuwa kuosha. Mara tatu kwa siku, kwa sabuni ya kipande ya kuogea, akisugua kwa kitambaa. Sabuni ya namna hiyo huwa na pH (kipimo cha asidi na alkali) ya 9 au 10, ilhali ngozi yenyewe inakaa karibu na 5. Kila ukiosha unaiondoa ngozi mahali pake, nayo inachukua saa kadhaa kurudi. Ukiosha mara tatu, hairudi.

Kuhusu brashi zenyewe, kwa ufupi. Zinazouzwa kwetu ni za aina tatu. Kuna za kuzunguka, ambazo kichwa chake hugeuka upande mmoja kama tairi na huivuta ngozi kilipoelekea. Kuna za mtetemo zenye nyuzi, ambazo kichwa hakizunguki, kinacheza huku na huku kwa mwendo mdogo wa kasi sana. Ngozi inasogea na kurudi bila kuvutwa mbali. Halafu kuna za silikoni, ambazo hazina nyuzi kabisa, zina vinundu laini na mota ndani inayotetema. Jina lililozifanya hizi za mtetemo zijulikane duniani ni Clarisonic ya Marekani, iliyoingia sokoni mwaka 2004, ikanunuliwa na L'Oréal mwaka 2011, na ikafungwa mwaka 2020. Nalitaja kwa sababu bado huwa zinajitokeza kwenye mitumba ya vifaa vya umeme. Ukiiona usiikimbilie: vichwa vya kubadilisha havitengenezwi tena, na kichwa cha brashi kilichotumiwa na uso wa mtu mwingine hakifai kugusa wako.

Wiki tano kabla hajaja kwangu

Brashi yake aliinunua sokoni siku ya Jumapili, kwenye kibanda cha vipodozi. Ilikuwa ya kuzunguka, ya betri mbili za AA, na kwenye boksi mlikuwa na vichwa vitano: brashi ya nyuzi, sponji ya kupakia poda, sponji laini ya mpira, kichwa chenye vigololi cha kukandia, na kimoja kikavu kama msasa. Huo msasa ni wa kusugulia ngozi ngumu ya visigino. Boksi halikusema hivyo. Lilikuwa na picha ya mwanamke mweupe akicheka, basi.

Wiki ya kwanza alitumia kichwa cha nyuzi, asubuhi na jioni, kwa sabuni yake ile ile ya kipande. Uso ukawa laini hata wenzake wa jikoni wakauliza anapaka nini. Hii ndiyo hatari ya wiki ya kwanza, inadanganya. Ukiondoa seli zilizokufa kwa juu, lazima uso uteleze. Shida ni kwamba ngozi huchukua takriban siku 28 kujijenga upya kutoka chini, na yeye alikuwa anaikwangua mara mbili kwa siku.

Wiki ya pili vipele vya paji bado vipo, akaona brashi haina nguvu. Akabadilisha kichwa. "Nilidhani hicho kigumu ni cha sehemu sugu," aliniambia baadaye, na ukifikiria, hakukosea sana.

Wiki ya tatu maji yakaanza kuchoma mashavuni, kisha jasho nalo. Ya nne, vichunusi vyenye usaha vikatoka mashavuni na kidevuni, mahali ambapo hajawahi kuota kitu tangu shule. Ya tano yakaja madoa. Shavu la kushoto lilikuwa na doa la mviringo, jeusi, ukubwa wa kizibo cha soda. Nilipokipima kile kichwa cha visigino juu yake, kililingana kama mfuniko na sufuria yake.

Siku ya kwanza

Alikuja na boda, barakoa usoni, mama yake nyuma.

Kitu cha kwanza nilichotazama ni mng'ao. Mashavu yaling'aa kama karatasi ya nailoni, na huo si mng'ao wa mafuta. Ni ngozi iliyopoteza tabaka lake la juu. Vitabu na maboksi husema ukiona wekundu simamisha brashi. Kwenye ngozi zetu wekundu huo mara nyingi hauonekani. Unaona weusi uliozidi, au rangi inayoelekea zambarau, au huoni chochote. Mimi hutumia mgongo wa mkono: nagusa shavu, kisha nagusa shingo. La Bi. A lilikuwa na joto kama kikombe kilichomiminiwa chai sasa hivi.

Nikaomba kuiona brashi. Aliitoa kwenye mfuko wa plastiki, bado mbichi. Ilikuwa inakaa bafuni, ndani ya kikombe kimoja na miswaki. Nilipokivuta kichwa cha nyuzi kutoka kwenye ekseli, nyuma yake palikuwa na utando wa kijivu unaoteleza, wenye harufu ya kitambaa cha vyombo kilichosahauliwa. Mama yake alisogea, akanusa, akarudi kwenye kiti bila neno.

Kisha nikauliza swali ninalouliza kila mtu: "Unapaka nini usoni?"

"Vaselini tu, anti."

Nikaandika kwenye daftari: vaselini tu. Nikapiga mstari chini.

Maamuzi ya awali, na sababu zake

Nilisimamisha brashi, vichwa vyote. Nikasimamisha sabuni ya kipande na kile kitambaa, nikampa sabuni ya maji ya uso isiyo na manukato, ya pH inayokaribia ya ngozi, aoshe asubuhi na jioni kwa ncha za vidole na maji ya vuguvugu. Vidole ndivyo hata chama cha madaktari wa ngozi wa Marekani huvishauri, ingawa kule kila duka lina brashi. Vaselini nikaibakiza, safu nyembamba, usiku, mashavuni. Arudi baada ya siku kumi.

Sababu yangu ilikuwa moja: niliamini brashi ndiyo mkosaji pekee. Ushahidi ulikuwa mbele yangu, una umbo la duara.

Siku ya kumi alirudi akicheka. Joto limepungua, vichunusi vimenywea, kung'aa kumeisha. Nilifurahi kupita kiasi. Akauliza swali ambalo ndilo lililomleta: "Sasa anti, ninunue ipi?"

Hapa nikafanya uamuzi wa pili, na ndio uliokuwa mbaya. Nikamwambia achukue ya silikoni, mtetemo wa chini kabisa, uso mzima, kila baada ya siku moja jioni. Hoja zangu zilikuwa hizi: silikoni haina vitundu vya kuhifadhi uchafu, hukauka upesi, haina nyuzi za kukwangua, na ngozi yenyewe imeshatulia. Kila hoja kati ya hizo ni kweli. Na nikiri jambo la tano: nilikuwa nayo moja kabatini ya kuuza. Sidhani ningemwambia "bado" kwa wepesi ule ule kama kabati lingekuwa tupu, na tangu siku hiyo siuzi kifaa katika ziara mbili za kwanza za mteja.

Usiku wa siku ya kumi na mbili

Picha iliingia kwenye WhatsApp saa nne usiku. Uso umevimba. Vipele vidogo vingi vimezunguka mdomo na kando ya pua, vingine vina maji, na kando kando ya midomo yenyewe umebaki mstari mwembamba wa ngozi safi, kama mtu aliyechora mpaka. Chini ya picha: "Anti inawasha na inachoma. Ni ile brashi yako."

Ule mstari safi ndio ulionishtua. Brashi haichagui hivyo. Brashi iliyopita uso mzima huacha alama ya uso mzima.

Nikamwambia kesho aje, na alete kila kitu kinachogusa uso wake, kila kitu, hata kama hakitumii tena. Alikuja na mfuko wa sokoni. Tulivipanga mezani: sabuni, vaselini, mafuta ya nywele, jeli ya nywele, kitambaa cha kichwa, poda, brashi mbili. Chini kabisa, ndani ya soksi, kikopo cheupe kisicho na lebo, krimu ya rangi ya waridi iliyofifia, imebaki robo.

"Hiyo niliacha," alisema upesi.

"Uliacha lini, dada?"

"Ile wiki nilinunua brashi. Huyo muuzaji aliniambia brashi peke yake itaning'arisha, niache kupoteza pesa."

Miezi saba aliipaka, kila usiku. Na zile siku kumi za mwanzo, uso wake ulipotulia nami nikajipongeza? Palikuwa na harusi ya binamu. Aliipaka siku tatu mfululizo ili picha zitoke vizuri. Halafu akaiacha tena.

Kwa wasiojua: krimu za kuchanganya zinazong'arisha haraka mara nyingi hutiwa steroidi kali, dawa za kutuliza uvimbe ambazo hospitalini huandikwa kwa muda mfupi na kwa ugonjwa unaojulikana. Nyingine huwa na haidrokwinoni, kemikali ya kufifisha rangi ya ngozi, au zebaki, ambazo KEBS, shirika la viwango la Kenya, imezipiga marufuku kwenye vipodozi. Steroidi huituliza ngozi, huipunguza unene, na huizoesha. Siku ukiiacha ghafla, ngozi hulipuka: joto, kuwasha, vipele, hasa kuzunguka mdomo na pua. Ukiirudia, unatulia ndani ya siku moja mbili. Ndiyo maana watu hawatoki humo.

Kwa hiyo utulivu niliouona siku ya kumi haukuwa kazi yangu. Ulikuwa kazi ya kikopo.

Uamuzi wa tatu: kuondoka njiani

Nilimwandikia karatasi ya maelezo, mstari kwa mstari, nikamtuma kwa daktari wa ngozi, na kile kikopo nikamwambia akibebe. Daktari alithibitisha kuwa ni ngozi iliyoharibiwa na steroidi. Akamwandikia vidonge, na vidonge hivyo ni mambo yake na mgonjwa wake. Maagizo mengine yalikuwa mafupi: hakuna brashi, hakuna kusugua, hakuna krimu ya kikopo, miezi miwili angalau.

Wiki ya kwanza ilikuwa mbaya kuliko yote. Mama yake alinipigia: "Mwanangu halali. Kwa nini asiirudie ile krimu kidogo, kidogo tu?" Nilisikia akimwambia mtoto kando ya simu, "Pole nyathina," yaani mwanangu kwa Kijaluo. Sikuwa na jibu tamu. Nilimweleza kwamba kidogo hiyo ndiyo iliyotufikisha hapa, na kwamba kitambaa safi chenye maji baridi, dakika kumi, kinaruhusiwa mara nyingi anavyotaka.

Mama mwenyewe, niliseme hili hapa maana lina uhusiano, aliwahi kuniomba brashi. Ana vile vipele vyeusi vidogo laini vinavyoota mashavuni na chini ya macho kwa watu wazima wengi wa kwetu, akaviita uchafu uliokwama. Si uchafu wala chunusi. Ni vinundu vya ngozi visivyo na madhara, vinarithiwa kwenye familia, na brashi ya kuzunguka huvikwaza mpaka vitoke damu. Brashi kwa mama, hapana. Vivyo hivyo kwa mwenye chunjua usoni, kwa sababu brashi huzisambaza kama mbegu, na kwa mwenye kidonda, ukurutu au ringiwomu.

Kipimo cha tishu

Baada ya wiki tisa ngozi ilikuwa na joto la kawaida na maji hayachomi tena. Daktari akamruhusu aendelee na mimi. Sasa tukafanya nilichopaswa kufanya siku ya kwanza.

Siku yake ya mapumziko, mbali na karai, aliosha uso kwa sabuni ya maji, akaukausha kwa kuubonyeza taulo, kisha akakaa kwenye kiti changu saa nzima bila kupaka kitu. Nilichukua vipande vinne vya tishu nyembamba, nikabandika: paji, pua, shavu, shavu. Nikaviinua kwenye mwanga wa dirisha. Cha pua kilikuwa na madoa yanayopitisha mwanga. Cha paji vidoa vichache. Vya mashavu vilitoka vikavu kama vilivyoingia, na Bi. A akasema mashavu yanambana akitabasamu.

Ngozi mchanganyiko, mashavu makavu. Ile tishu iliyokuwa inalowa kila jioni ilikuwa inafuta mvuke wa karai na mafuta ya nywele yaliyoyeyuka kwa joto. Mafuta ya samaki wa watu.

Na vipele vya paji? Vilikuwa vimejipanga chini ya kitambaa, mahali mafuta na jeli ya nywele vinapotiririka na kubanwa siku nzima. Tulifanya mambo matatu: mafuta ya nywele yaanzie nyuma ya sikio kwenda kisogoni, jeli ipumzike, na kitambaa kirudishwe nyuma vidole viwili na kifuliwe kila siku. Hakuna dawa, hakuna brashi. Baada ya wiki saba paji lilikuwa limebaki na vipele vya kuhesabika. Vipele vile vile vilivyomfanya anunue brashi.

Kuichagua, hatimaye

Unaweza kuuliza, kama paji limejisafisha, brashi ya nini? Nilimuuliza pia. Alisema pua bado ina vidoa vyeusi, na kwamba akitoka jikoni anahisi uso una gamba ambalo vidole havilitoi. Niliona ni hoja ya haki. Brashi haitibu chunusi. Kazi yake ni kusafisha, na mtu anayesimama mbele ya mafuta moto siku nzima ana cha kusafisha.

Tulilinganisha tatu. Ya kuzunguka niliiondoa mara moja: kwenye ngozi iliyowahi kupunguzwa unene na steroidi, kitu kinachovuta upande mmoja hakina nafasi. Ya mtetemo yenye nyuzi laini ilinishawishi kwa sababu ya pua, maana nyuzi hufika kwenye kona za pua ambako silikoni haifiki vizuri. Nilichukua kichwa chake, nikakipiga picha kwa simu huku nimevuta karibu kabisa. Nyuzi nzuri zina ncha ya duara, kama kiberiti. Za hiki zilikuwa zimekatwa tu, zina pembe. Ukizipitisha upande wa ndani wa mkono, karibu na kiwiko, mara ishirini, unazisikia. Pia kichwa cha nyuzi hubadilishwa kila miezi mitatu, na kichwa cha akiba cha aina ile hatukukiona dukani kokote mjini. Kifaa kisicho na vipuri kitatumiwa na kichwa kizee, hiyo sihitaji kuambiwa.

Tukabaki na silikoni, nyingine tofauti na ile ya kabatini kwangu, yenye vinundu vyembamba upande mmoja na vinene upande wa pili. Niliangalia mambo mawili zaidi. Iwe imeandikwa IPX7, yaani inastahimili kuzama mita moja ya maji kwa dakika 30, kwa sababu yeye huoga kwa beseni na siku moja itadumbukia. Na chaji yake idumu wiki kadhaa, stima zikipotea asihangaike.

Matumizi tuliyokubaliana: jioni mbili kwa wiki, baada ya kazi. Paji sekunde ishirini, pua na kidevu ishirini, mwisho. Mashavu ni ya vidole. Haibonyezwi, ukiibonyeza unaua mtetemo na kubaki na msuguano. Sabuni iwe ya maji, isiyo na chembechembe, na isiyo na silikoni ndani, maana silikoni huila silikoni. Baada ya hapo inaoshwa, inakung'utwa, inakauka chumbani, mbali na miswaki. Asubuhi mafuta ya kukinga jua yenye rangi. Ikweta inapita Maseno, hapo tu. Jua letu halina mchezo na doa. Nilisisitiza ya rangi kwa sababu oksidi ya chuma iliyomo huzuia hata mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao kwenye ngozi nyeusi hukoleza madoa.

Matokeo

Mwezi wa nane tangu aje kwangu: paji safi, isipokuwa wiki alizosuka upya. Pua ina vidoa vichache, na nimemwambia ukweli kwamba vitarudi maisha yake yote. Mlipuko wa kuzunguka mdomo haujarudi. Mashavu bado makavu, anapaka losheni nzito usiku. Madoa mengi yamefifia. Lile la mviringo limetoka rangi ya kahawa likafika rangi ya chai ya maziwa, na linaweza kuchukua miezi mingine. Krimu ya kikopo hajairudia, ingawa aliniambia wazi kwamba Desemba ilimjaribu.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kwanza ni kuona vitu badala ya kusimuliwa. Mfuko mmoja mezani ulinifundisha zaidi ya maswali ya ziara mbili. Cha pili ni kipimo cha tishu kufanywa siku isiyo ya kazi. Kingefanywa jioni ya kawaida, kingenipa jibu lile lile la uongo alilokuwa nalo yeye. Cha tatu ni kuugawa uso. Maboksi yote huuliza "aina ya ngozi yako" kana kwamba uso ni kitambaa cha jora moja. Wa Bi. A ulikuwa na ngozi mbili, na jibu sahihi kwa mashavu yake lilikuwa kutokuwa na brashi kabisa.

Kilichoshindwa ni mpangilio. Nilianza na aina ya ngozi na aina ya brashi, wakati swali lililotangulia yote mawili lilikuwa hali ya ngozi siku ile: tabaka lake la juu limefunga au liko wazi? Ngozi iliyo wazi haina aina. Hata silikoni laini kuliko zote ni kosa juu yake, na kwa hili sikubaliani na wenzangu wanaosema silikoni haidhuru mtu.

Mambo mawili yalibadilika wiki moja, brashi ikaja na krimu ikaondoka, nami nikaona moja tu kwa sababu lilikuwa na alama ya kizibo cha soda. Je, brashi haikuwa na hatia? Ilikuwa nayo. Doa lile ni lake, na usaha wa mashavuni nadhani ulipata msaada wa ule utando wa kijivu. Lakini vipele vya mdomoni havikuwa vyake, na sijui ningeendelea kumlaumu nani kama asingefungua ile soksi.

Swali langu pia lilikuwa baya. "Unapaka nini?" linauliza leo, na linasikika kama la askari. Siku hizi nauliza hivi: "Mwaka huu wote, ni krimu gani iliyokupendeza kuliko zote?" Watu huitaja huku wakitabasamu, hata jina la aliyewauzia. Wateja wanne wamenitajia kikopo tangu nibadilishe, na wote wanne kabla ya hapo walikuwa wameniambia vaselini tu.

Mwezi uliopita Bi. A alikuja kwa ziara ya kawaida, amevaa viatu vya wazi. Nilimsifu visigino, laini kama vya mtoto. Akacheka mpaka akashika ukuta. Ile brashi ya kwanza hakuitupa. Kile kichwa cha msasa kiko kazini, kila Jumamosi, na betri ameshabadilisha mara mbili.